Lita Kumi, Kilo Tisa na Ushei

Ukisafiri kwa basi kutoka Kanda ya Ziwa kwenda Dar es Salaam, ukifika Singida utayaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara. Abiria wengi hawapiti hapo mikono mitupu. Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye kibanda kimoja pale, nikashuhudia ugomvi mdogo ambao sijausahau.

Mama mmoja wa makamo alikuwa amenunua dumu la lita 20. Kabla halijaingizwa kwenye buti, akaomba lipimwe kwenye mizani ya muuza vitunguu wa kibanda cha pili. Mizani ikasoma kilo 19 na gramu 300.

"Mwanangu, ishirini yangu iko wapi?" mama akauliza.

"Mama, hizo ni lita ishirini kamili. Si nimepima mbele yako?"

"Lita ishirini si ndiyo kilo ishirini? Na hapo bado hujatoa uzito wa dumu."

Kijana akaapa. Mama akagoma kupanda gari. Dereva akapiga honi. Mwishowe kijana akajaza chupa ya lita moja, akampa mama bure ili yaishe. Mama aliondoka akiamini kuwa amemkamata mwizi, na kijana akabaki akiamini kuwa ameonewa.

Wote wawili walikuwa wakweli. Dumu lile lilikuwa na lita 20 za mafuta, na mizani haikudanganya. Dumu tupu la aina ile lina uzito wa kama kilo moja, kwa hiyo mafuta yenyewe yalikuwa kilo 18 na gramu 300 hivi, na ndivyo lita 20 za mafuta ya alizeti zinavyopaswa kuwa kwenye joto la mchana wa Singida. Kilichokosekana kati yao ni namba moja tu, na kwa kukosekana kwake kijana alipoteza lita nzima ya mafuta, mama akapoteza imani.

Namba hiyo ni 0.92. Kazi yangu ni ya teknolojia ya chakula, na ninaitumia karibu kila siku. Naiandikia makala nzima kwa sababu naona watu wanaohangaika na mafuta kuanzia alfajiri, yaani wakamuaji, wauzaji wa rejareja, waoka keki na watengeneza sabuni, wakiumia kwa kutoijua.

Neno "nzito" lina maana mbili

Kosa la kuchukulia lita kuwa kilo halitokani na ujinga. Linatokana na maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, pungufu ya gramu tatu au nne tu katika joto letu la kawaida. Kwa kuwa maji ndicho kimiminika tunachokibeba kila siku, ndoo ya lita 20 tumeizoea kichwani kuwa ni kilo 20, na mazoea hayo tunayahamishia kwenye kila kitu kinachomiminika.

Tena lugha yetu inatusogeza karibu zaidi na kosa. Tunasema uji mzito, mchuzi mzito, mafuta mazito. Hapo "nzito" haimaanishi kwamba kitu kina kilo nyingi, bali kwamba kinamiminika taratibu. Ndipo mtu anapoona mafuta yanajivuta kutoka kwenye chupa huku maji yakikimbia, akahitimisha kwamba mafuta yana uzito mkubwa kuliko maji. Kumbe ni kinyume. Funua sufuria ya mchuzi wa nyama uone mafuta yalipo: yako juu, yanaelea. Kinachoelea ni chepesi kuliko kinachokibeba.

Sababu iko kwenye maumbile ya vitu hivi viwili. Chembe za maji ni ndogo, zinavutana kwa nguvu na kusongamana. Chembe za mafuta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni iliyopindapinda, na kati yake hubaki nafasi. Ukijaza chombo kilekile kwa maji na kisha kwa mafuta, ndani yake kutakuwa na kitu kingi zaidi ulipojaza maji. Tofauti yake ni kama gramu 80 kwa kila lita.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa vitendo, maana walikuwa na vipimo vya namna mbili na hawakuvichanganya. Kibaba na pishi vilikuwa vipimo vya ujazo: vibaba vinne vilifanya pishi moja, na nafaka ilipimwa kwa hivyo. Wakia, ratili na frasila vilikuwa vipimo vya uzito, na frasila moja, karibu kilo 16, ndiyo iliyopimia karafuu na pembe za ndovu. Likaja debe, lile bati la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na ushei, likawa kipimo cha kila kitu sokoni, kuanzia mahindi hadi mkaa. Debe ni ujazo. Debe la mahindi na debe la mkaa hayawezi kuwa na kilo sawa, na hakuna anayebishania hilo. Kwenye mafuta tunabishana kwa sababu yanafanana mno na maji.

Namba yenyewe

Kanuni ni fupi. Ukiwa na lita na unataka kilo, zidisha kwa 0.92. Ukiwa na kilo na unataka lita, gawa kwa 0.92. Lita 5 ni kilo 4.6. Lita 20 ni kilo 18.4. Kilo 20 ni lita 21.7.

Kwa asiye na kikokotoo, mimi hufundisha hivi: lita kumi, kilo tisa na ushei; kilo kumi, lita kumi na moja kasoro. Ukishika hayo mawili, hutapotea njia hata ukiwa katikati ya soko.

Je, namba hii inafaa kwa mafuta yote? Kwa karibu yote tunayopikia, inafaa. Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO, imechapisha vipimo vya mafuta ya mimea yakilinganishwa na maji. Katika nyuzi joto 20 za sentigredi, mafuta ya alizeti ya kawaida yako kati ya 0.918 na 0.923. Ya soya ni 0.919 hadi 0.925. Ya mahindi, ya pamba na ya ufuta yako humohumo. Ya karanga na ya zeituni yapo chini kidogo, kwenye 0.91 na ushei. Tofauti kati ya aina moja na nyingine haifiki hata gramu 20 kwa lita.

Mawese na nazi zinahitaji neno la ziada. Mawese hupimwa kwenye nyuzi joto 50, ambako yana 0.891 hadi 0.899, na nazi kwenye nyuzi joto 40, ambako ina 0.908 hadi 0.921. Anayetazama namba hizo haraka anaweza kudhani kwamba mawese ni mepesi kuliko alizeti kwa mbali. Sivyo. Yamepimwa yakiwa ya moto kwa sababu kwenye joto la kawaida huanza kuganda, na kitu kilichoganda nusu hakipimiki vizuri kwa ujazo. Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wengi hawalifikirii kabisa.

Na yakiwa ya moto?

Siku ile Singida, basi lilipoondoka, nilimwambia yule kijana habari ya 0.92. Akanisikiliza kimya, kisha akaniuliza swali la mtu anayeijua kazi yake: "Sasa mzee, na yale tunayoyachukua mashineni yakiwa bado ya moto?"

Lilikuwa swali sahihi kuliko yote. Mafuta hutanuka yakipata joto. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, lita moja ya mafuta hupungua uzito kwa karibu gramu 0.7. Kwa nyuzi moja si kitu. Lakini mashine ya kukamua husaga mbegu kwa msuguano mkali, na mafuta hutoka ya moto. Tuseme umejaza dumu lako lita 20 barabara mafuta yakiwa na nyuzi joto 60. Lita moja ya alizeti kwenye joto hilo ina gramu 893 hivi, kwa hiyo ndani ya dumu kuna kilo 17.9. Ukifunga mfuniko ukaenda zako, kesho yake mafuta yamepoa hadi nyuzi 25. Kilo ni zilezile 17.9, hakuna aliyezigusa. Ila ujazo umenywea hadi lita 19 na nusu.

Nusu lita imepotea bila mwizi. Ni mara ngapi konda ametuhumiwa, au mtoto aliyetumwa dukani amechapwa, kwa sababu ya nusu lita kama hiyo? Mwenye mashine mwaminifu huacha mafuta yapoe na mashapo yatuame kabla ya kupima. Faida yake ni mbili: mafuta yanakuwa safi, na lita inakuwa lita.

Huko India jambo hili lilifika hadi serikalini. Baadhi ya makampuni yalikuwa yakiandika ujazo wa mafuta kwenye vifungashio pamoja na joto la kupimia lililo juu, hata nyuzi 60, ilhali hakuna mtu anayenunua mafuta dukani yakiwa na joto hilo. Mwaka 2022 idara ya serikali ya India inayoshughulikia masuala ya walaji iliyataka makampuni kuondoa maelezo ya joto na kuhakikisha kwamba ujazo unalingana na uzito ulioandikwa. Ilitoa mfano wa mafuta ya soya: lita moja iliyopimwa kwenye nyuzi 21 ina gramu 919, lakini iliyopimwa kwenye nyuzi 60 ina gramu 892.6. Mnunuzi alikuwa anakosa zaidi ya gramu 26 kwa kila lita, na kwenye lebo hakuna neno la uongo hata moja.

Kwa hiyo lita, peke yake, ni nusu ya habari. Inakuambia mafuta yamechukua nafasi kiasi gani, na nafasi hiyo inapanuka na kunywea kwa jua na baridi. Kilo inakuambia mafuta yenyewe ni kiasi gani. Ndiyo maana biashara kubwa ya mafuta duniani huenda kwa tani. Meli ya mawese kutoka Malaysia au Indonesia ikitia nanga Dar es Salaam au Mombasa, wapimaji hushusha kipimo ndani ya tangi kujua mafuta yamefika kina gani, hupima joto, hupata ujazo kutoka kwenye jedwali la tangi, kisha hukokotoa tani kwa uzito wa lita kwenye joto lilelile. Bila kipimajoto, hesabu ya mzigo haikamiliki.

Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 30 na zaidi, mafuta ya alizeti yana karibu 0.913. Anayeuza dumu mojamoja anaweza kubaki na 0.92 yake, maana tofauti kwenye lita 20 ni gramu 140 tu. Anayeuza tani kumi asithubutu.

Pale hesabu inapouma

Tuanze na mfanyabiashara wa jumla. Amenunua tani moja ya mafuta kiwandani na anataka kuyauza kwa dumu la lita 20. Akidhani tani moja ni lita 1,000, atapanga bei yake kwa madumu 50. Ukweli ni kwamba tani moja ni lita 1,087, yaani madumu 54 na lita 7. Madumu manne na ushei hayamo kwenye mpango wake. Kama usimamizi wa ghala ni legelege, hayo ndiyo yatakayoondoka kimyakimya, na mwisho wa mwezi hesabu zitaonekana ziko sawa. Ukigeuza upande, aliyenunua lita 1,000 akaahidi kumpa mteja kilo 1,000 atafika na pengo la kilo 80.

Mkamuaji naye. Amesaga kilo 100 za mbegu za alizeti akapata lita 30 za mafuta, akajisifu kwamba mashine yake inatoa asilimia 30. Lita 30 ni kilo 27.6, kwa hiyo mashine inatoa asilimia 27.6. Si suala la majivuno tu. Tuseme mashudu yake yana kilo 68. Kwa hesabu ya kwanza, 30 na 68 ni 98, na zimepotea kilo mbili tu. Kwa hesabu sahihi, 27.6 na 68 ni 95.6, na zimepotea kilo nne na gramu 400. Zimeenda wapi? Nyingine ni unyevu ulioondoka kama mvuke, nyingine ni mashapo, nyingine huenda zinamwagika pembeni ya mashine. Hawezi kuzitafuta kama hajui kwamba hazipo.

Jambo linalonigusa zaidi ni sabuni. Vikundi vingi vya akina mama hutengeneza sabuni za mche kwa mawese na mafuta ya nazi, na kanuni wanayofundishwa imeandikwa kwa kilo. Kila kilo ya mafuta ya nazi huhitaji karibu gramu 183 za kostiki soda ili igeuke yote kuwa sabuni; mawese huhitaji karibu gramu 141. Mafundi wazuri hupunguza kostiki kwa asilimia 5, ili kibaki kiasi kidogo cha mafuta ambacho hakijaguswa. Hicho ndicho kinachoifanya sabuni iwe laini mwilini.

Sasa kikundi kimenunua lita 10 za mafuta ya nazi. Kanuni inasema kilo, wao wanasoma lita. Kwa kilo 10 kostiki inayohitajika ni gramu 1,830. Wanapunguza asilimia 5, wanaweka gramu 1,738. Wanaamini wamejiwekea usalama. Lakini kwenye lita 10 kuna kilo 9.2 tu za mafuta, na hizo zinaweza kumaliza gramu 1,684 za kostiki, basi. Gramu 54 hazina mafuta ya kuungana nayo. Zinabaki ndani ya sabuni zikiwa kostiki tupu, na zitaonekana kwenye mikono ya mama anayefua na kwenye ngozi ya mtoto anayeogeshwa. Kanuni ilikuwa nzuri, kostiki ilipimwa kwa mizani, kila mtu alikuwa makini. Kosa la asilimia 8 lilikuwa limeshaingia tangu mafuta yalipopimwa kwa lita, nalo likameza ile akiba ya asilimia 5 na kubakisha sumu.

Nimewahi kukishika kipande cha sabuni ya namna hiyo. Kilikuwa cheupe, kimekatwa vizuri, kimefungwa kwa karatasi safi. Kwenye vidole kiliwasha kabla hata hakijaguswa na maji. Tangu hapo, nikialikwa kufundisha kikundi cha sabuni, jambo la kwanza ninaloomba liwekwe mezani ni mizani.

Jikoni mambo ni mepesi zaidi, lakini yapo. Kijiko cha chakula cha mililita 15 kina karibu gramu 14 za mafuta, na kijiko cha chai kina karibu gramu 5. Kikombe cha kupimia cha mililita 250 kina gramu 230. Kikombe kinachotajwa kwenye mapishi mengi ya Kimarekani ni kidogo zaidi, mililita 237, na mafuta yake ni gramu 218. Kwa keki moja ya nyumbani, anayedhani kikombe hicho cha Kimarekani ni gramu 250 ataongeza gramu 32, na keki itavumilia. Dada mwenye oda ya keki 40 za harusi, akizidisha kosa lilelile mara 40, ataongeza kilo 1.28 za mafuta ambazo mapishi hayakuziomba. Keki zitatoka nzito na zenye mafuta mkononi, na atailaumu oveni.

Kuna pia lebo. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Chupa yenye maelezo kwa gramu 100 itasema karibu kilokalori 900, na yenye maelezo kwa mililita 100 itasema karibu 830. Mteja akizilinganisha bila kutazama kipimo ataichukua ya pili akidhani ina nishati ndogo, kumbe mafuta ni yaleyale. Kwa anayepunguza uzito au anayemhudumia mgonjwa wa kisukari, namba ya kukumbuka ni hii: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote ni karibu kilokalori 120.

Halafu bei. Mafuta ya maji huuzwa kwa lita, ya mgando kwa kilo. Tuseme lita ya mafuta ya maji ni shilingi 6,000 na kilo ya mgando ni shilingi 6,300. Macho yanasema mafuta ya maji ni nafuu. Gawa 6,000 kwa 0.92, utapata shilingi 6,522 kwa kilo. Ya mgando ndiyo yenye bei ndogo. Sisemi ununue mgando, maana afya ya moyo nayo ina hesabu yake. Nasema ukiamua, uamue kwa namba zilizo sawa.

Pima mwenyewe

Hakuna sababu ya kuniamini mimi. Hesabu hii unaweza kuithibitisha nyumbani kwa mizani ya jikoni ya kidijitali na chupa moja ya maji ya kunywa ya nusu lita.

Chukua chupa tupu, kavu kabisa, uipime. Tuseme ni gramu 22. Chora mstari kwa kalamu karibu na shingo. Jaza maji hadi kwenye mstari, ukiweka jicho usawa wa mstari na si juu yake, kisha upime. Tuseme ni gramu 519. Maji, basi, ni gramu 497. Mwaga, kausha chupa vizuri hadi tone la mwisho, kisha jaza mafuta hadi mstari uleule. Tuseme sasa mizani inasoma gramu 478. Ondoa 22, mafuta ni gramu 456.

Gawa 456 kwa 497. Jibu ni 0.9175. Kwa kuwa lita ya maji kwenye joto la chumba ina gramu 997 na si 1,000, zidisha jibu lako kwa 0.997, utapata 0.915. Hiyo ndiyo namba ya mafuta yako, siku hiyo, kwenye joto hilo. Kwa matumizi ya nyumbani hatua hiyo ya mwisho unaweza kuiacha.

Njia hiyohiyo inafaa kwa dumu. Dumu linaloitwa la lita 20 mara nyingi humeza zaidi ya lita 20 likijazwa hadi mdomoni. Lipime tupu, lijaze maji, lipime tena: kila kilo ya maji ni lita moja. Weka alama pale lita 20 zinapofika. Kwa mwenye duka, alama hiyo inamlinda yeye na mteja wake. Nchini Tanzania vipimo vya biashara viko chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, na Wakala wa Vipimo ndio wanaovihakiki na kuviwekea alama. Chombo chako cha nyumbani kitakusaidia kujua. Cha kuuzia lazima kiwe kimehakikiwa.

Naomba pia nitoe tahadhari moja, kwa sababu nimeona watu wakiipa namba hii kazi isiyo yake. Uzito wa lita haukuambii kama mafuta ni halisi. Alizeti, soya, pamba na mahindi yana uzito unaokaribiana mno. Mtu akikuchanganyia, mizani ya jikoni haitaona. Lita ya mafuta yako ikiwa na gramu 915, umethibitisha kwamba hukupunjwa kipimo. Kwamba ni alizeti tupu, hilo ni la maabara.

Nilipokuwa naagana na yule kijana wa Singida, aliniomba nimwandikie ile namba. Nikaokota kipande cha chaki kilichokuwa kwenye meza yake, nikaandika kwenye ubao wa kibanda, upande wa nje ambako mteja anasimama: lita 20, kilo 18.3, bila dumu. Akaitazama, akachukua chaki akaongeza neno moja chini yake: yaliyopoa.

Basi jingine lilikuwa linaingia. Akaliweka dumu moja tupu juu ya mizani ya muuza vitunguu, akasoma uzito wake, akauandika nao.